Watu watano, elfu thelathini, Nairobi ya Agosti

Swali: Hujambo kaka. Tunatoka Malindi, watu watano: mimi, mume wangu, mama mkwe mwenye miaka 72, na watoto wawili wa miaka minane na kumi na miwili. Tunakuja Nairobi wiki ya pili ya Agosti. Tunafika Jumatatu, tunaondoka Ijumaa. Mama ana miadi ya macho Upper Hill, Jumanne na Alhamisi, na watoto nimewaahidi kuona wanyama. Za kulala tumetenga shilingi 30,000. Mwezi wa Mei nilipiga simu hoteli tatu za katikati ya jiji nikapewa bei nzuri. Juzi nimepiga tena, zote zimepanda. Shemeji yangu anasema ningoje, zitashuka siku zikikaribia. Kuna kijana mwingine nimempata kwenye simu, anasema nikimtumia nusu leo leo atanipa nyumba nzima kwa nusu bei. Bado wiki tano. Nifanye nini?

Jibu: Sijambo, dada. Nianze na hao washauri wako wawili, maana wote wawili watakuponza. Ni kweli hoteli ya Nairobi inaweza kulegeza bei jioni ya siku yenyewe, ikiona chumba kinalala kitupu. Kijana mmoja mwenye begi la mgongoni anaweza kuibahatisha hiyo, akikosa hapa anavuka barabara. Wewe una mama wa miaka 72 aliyetoka kutiwa dawa machoni. Huwezi kuvuka naye barabara saa mbili usiku ukiuliza vyumba mlango kwa mlango. Huyo kijana wa nusu bei tutamrudia, ila kwa sasa usimtumie hata shilingi.

Nilikaa mapokezi, kisha dawati la buking, katika hoteli za jiji hili kwa miaka kumi na mitatu kabla ya kuanza kuwatafutia watu vyumba kwa kujitegemea. Kitu ambacho wageni kutoka pwani hushindwa kukizoea ni kwamba bei ya Nairobi haina msimu kama wa kwenu. Malindi Desemba ni Desemba, Mei ni Mei, hata muuza madafu anajua. Nairobi ni mji wa kazi, mikutano na watu wapitao, na bei ya kitanda inategemea ni nani mwingine anayekitaka usiku uleule. Wiki ya Krismasi, watu wakiwa wamemwagika ushago na huko kwenu, hoteli za watu wa ofisi pale Upper Hill huwa na vyumba tele. Halafu wiki ya Septemba isiyo na sikukuu yoyote, chumba kinakuwa dhahabu. Mwaka 2023 Mkutano wa Tabianchi wa Afrika ulifanyika kwenye jumba la mikutano la KICC tarehe 4 hadi 6 Septemba. Wiki hiyo nilikuwa na wageni watatu kutoka Eldoret waliokuja kwa shughuli zao za ardhi, wala hawakuwa na habari ya tabianchi. Nikaishia kuwalaza Ruiru, nje kabisa ya jiji.

Sasa tuitazame wiki yako. Agosti kuna makundi matatu yanayogombania vitanda. Wapo watalii wa Maasai Mara, kwa sababu nyumbu huvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba, na wengi wa watalii hao hulala Nairobi usiku wa kufika na usiku wa kuondoka. Wapo watu wa ofisi na semina, ambao hujaa Jumatatu na kutawanyika Ijumaa mchana. Na mpo ninyi, familia za Kenya, shule zikiwa zimefungwa. Ukiingia Jumatatu na kutoka Ijumaa umechagua siku ambazo makundi yote matatu yako mjini kwa pamoja. Mwezi wenyewe hauna kosa kubwa hivyo. Kosa liko kwenye siku za wiki.

Kwa hiyo simu ya kwanza usiipige hotelini. Ipige kliniki. Waulize kama miadi ya Jumanne na Alhamisi inaweza kuwa Ijumaa na Jumatatu. Pengo litakuwa siku tatu badala ya mbili, na ni daktari wa kusema kama halidhuru. Akikubali, mtafika Alhamisi, mama aonwe Ijumaa, watoto wapate Jumamosi na Jumapili yao, kisha Jumatatu mtoke kliniki mkiwa na mizigo tayari kwa safari. Mtalala siku nne zilezile, lakini tatu kati ya hizo hoteli za Upper Hill zinakuwa zimebaki na wafanyakazi na televisheni. Mimi mwenyewe nimewahi kuuza chumba kimoja Jumatano kwa 9,000, na Jumamosi ya wiki hiyohiyo nikakitoa kwa 6,000 na kiamsha kinywa juu, meneja akanishukuru.

Hesabu hii inageuka kichwa chini kwenye mitaa ya starehe. Westlands na baadhi ya sehemu za Kilimani, Ijumaa na Jumamosi ndizo siku zao za mavuno, na hata ukipata chumba cha bei ya kuvumilika, muziki utakesha nanyi. Ukipigia hoteli ya huko, uliza kuna klabu umbali gani, na uombe chumba cha nyuma.

Kuhusu mtaa, mimi ningebaki Upper Hill au jirani zake na kuacha kabisa kutafuta katikati ya jiji. Najua zile lojing'i za River Road, Accra Road na Latema ndizo za bei ya chini kuliko zote, na mabasi ya kwenu humwaga abiria huko huko. Nyingine ni safi na wenyewe ni watu wa heshima. Lakini ngazi ni nyingi na lifti ni chache, manamba wanaita abiria kuanzia alfajiri, na baadhi ya nyumba hizo hukodisha kwa saa, ukinielewa. Njia ya kujua ni rahisi: uliza kama wana bei ya mchana. Wakikutajia haraka bila kusita, si mahali pa kumpeleka mama mkwe. Na usidanganywe na ubao ulioandikwa "hoteli". Huku kwetu, hoteli inaweza kuwa chai, chapati na maharagwe, haina hata kitanda cha mwenyewe.

Kuna nyumba za wageni za makanisa, ambazo watu wa Nairobi wenyewe huzisahau. Kanisa la Kianglikana lina ACK Guest House pale Bishops Road, Upper Hill. Masista wa Consolata wana Flora Hostel, Fifth Ngong Avenue, nayo haiko mbali na hapo. YMCA iko State House Road. Wamethodisti wako Oloitokitok Road, Lavington, ingawa huko utahitaji gari kufika kliniki. Hawaulizi dini yako. Pombe hakuna, geti hufungwa usiku, na watoto wanaweza kukimbia uani bila mtu kununa. Kama mnakula halali, uliza mapema jikoni kwao kukoje. Angalia pia namna wanavyohesabu, kwa sababu baadhi hutoza kwa kichwa wala si kwa chumba, na bei ya kichwa inaweza kuwa na chakula ndani yake. Kwa watu wawili hesabu hiyo huwa tamu. Kwa watano, ifanye kwa kalamu. Uliza mtoto wa miaka minane anahesabiwaje, kwa sababu nyumba nyingi zina umri wa kutotoza au kutoza nusu, na umri huo hautajwi usipouliza. Hizi ndizo simu zako za pili, leo au kesho, kwa kuwa Agosti makanisa nayo huleta semina na kambi zao, na semina moja inaweza kufagia vyumba vyote.

Mtu atakwambia nendeni Embakasi au Syokimau, upande wa uwanja wa ndege, huko vyumba ni rahisi. Tuifanye hesabu. Mfuko wako ni 30,000 kwa siku nne, yaani 7,500 kwa usiku. Tuseme umepata Upper Hill vyumba viwili vya 3,600 kila kimoja: 7,200 kwa usiku, 28,800 zote. Embakasi umepata viwili vya 2,800: 5,600 kwa usiku. Umeokoa 1,600 kila usiku, jumla 6,400, ukafurahi. Sasa mpeleke mama kliniki mara mbili, kwenda na kurudi, safari nne. Mko watano, teksi ya kawaida inabeba wanne, kwa hiyo unaita gari kubwa. Likiwa 1,600 kwa safari moja, ile 6,400 yako imeisha yote, na hujagusa foleni ya Mombasa Road wala hujawapeleka watoto popote. Kwa kijana mwenye mkutano mmoja na ndege ya kurudi jioni, Embakasi ni akili. Kwako sivyo.

Nyumba za kukodi kwa siku, hizi ambazo watu wote siku hizi huziita Airbnb hata kama hazimo humo, zinawafaa sana watu watano. Vyumba viwili, sebule, jiko la kupikia uji wa mama. South B, South C, Kilimani na Hurlingham zote zina njia fupi ya kufika Upper Hill. South C ina faida nyingine kwa familia yenu: vyakula vya halali viko kila kona. Ila nyumba hizi zina mambo matatu ambayo picha haziyaonyeshi. Ghorofa ni ya ngapi, na lifti inafanya kazi leo au ilifanya kazi mwaka jana? Maji je? Jiji hili hugawa maji kwa zamu, mtaa mmoja siku fulani na mwingine siku nyingine, kwa hiyo uliza kama jengo lina kisima na matangi, na usiridhike na jibu la "maji hayana shida". La tatu ni gharama za pembeni: ada ya usafi, na tokeni za stima. Ada ya usafi ni ileile ukilala usiku mmoja au saba, hivyo kwa siku nne igawe kwa nne kabla ya kusema nyumba ni rahisi.

Hapo sasa tumrudie kijana wako. Nyumba nzima, nusu bei, wiki ya pili ya Agosti, na anataka pesa leo. Dada, mwenye nyumba nzuri Kilimani mwezi huo hana haja ya kukubembeleza. Picha ni kitu cha kuazima tu. Mwambie akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, afungue mfereji wa jikoni, atoke nje akuonyeshe geti na jina la jengo. Tapeli atakuwa na sababu: mpangaji yuko ndani, bando limeisha, yuko safarini. Ukiamua kulipa arbuni popote, lipa kwa Till au Paybill yenye jina la biashara, na ulisome jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla ya kuyaacha malipo yapite. Ukiona jina la mtu binafsi mahali ulipotarajia jina la hoteli, futa muamala, piga simu mapokezi kwa namba uliyoipata kwingine, uulize. Mteja wangu mmoja alituma 12,000 kwa "meneja" wa nyumba fulani, akafika na mizigo akakuta mwenye nyumba halisi anakula chakula cha jioni na wanawe. Walimkaribisha chai. Pesa haikurudi.

Sasa namna ya kuzungumza na hoteli. Piga siku ya kazi, kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, uombe dawati la buking. Yule wa zamu ya usiku ana bei moja tu, iliyobandikwa mbele yake, na hana ruhusa ya kuipunguza. Usianze kwa kuuliza "chumba ni pesa ngapi." Anza kwa kujieleza: familia kutoka Malindi, tunalala siku nne, vyumba viwili, kimoja kiwe na vitanda vitatu kama mnacho, mama mzee tungependa awe ghorofa ya chini. Mgeni wa siku nne ana uzito kuliko wa usiku mmoja, na hoteli iliyojaa watalii wa usiku mmoja mmoja huwa na mapengo inayotamani kuyaziba. Halafu taja bei uliyoiona mtandaoni. Tovuti za buking hukata kamisheni, mara nyingi karibu asilimia 15, na hoteli ikiuza chumba moja kwa moja haikatwi. Usiombe wakupe yote hiyo. Omba bei ishuke kidogo au kiamsha kinywa cha watu watano kiingie ndani. Kiamsha kinywa ni rahisi zaidi kwao kukubali, na kwako watu watano wakishiba asubuhi chakula cha mchana kinaweza kusubiri. Uliza kama kuna bei ya wakazi, yaani ya watu wanaoishi Kenya. Uliza pia kama chama chako cha akiba au mwajiri wa mume wako ana mkataba nao. Walimu na wauguzi hushangaa ni mara ngapi jibu huwa ndiyo.

Kisha uliza swali ambalo usipouliza litakugharimu: hiyo bei ni ya mwisho? Kuna VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Hoteli nyingi hukutajia bei ikiwa na vyote ndani, lakini si zote. Ukiambiwa vyumba viwili 7,000 na kumbe ni bila kodi, utalipa 8,260. Kwa siku nne hiyo tofauti ni 5,040, na mfuko wako wa 30,000 umepasuka siku ya kuondoka, mbele ya mama mkwe. Jibu lao waliandike, kwa baruapepe au WhatsApp, lenye tarehe, idadi ya watu, bei na kama kodi imo.

Shemeji yako ana chembe ya ukweli, nisimdhulumu. Makampuni ya safari hushikilia vyumba miezi mingi kabla, na mkataba huwapa tarehe ya kurudisha wasivyovitumia. Mara nyingi tarehe hiyo huangukia wiki mbili hadi nne kabla ya mgeni kuingia. Nilipokuwa dawatini, asubuhi ya marejesho nilikuwa ninaweza kupata vyumba kumi ambavyo jana yake havikuwepo. Kwa hiyo fanya hivi: wiki hii weka nafasi mahali panapokubali kufutwa bila malipo, hata kama bei haijakufurahisha. Hilo ndilo paa lenu. Kisha wiki tatu kabla, na tena wiki mbili kabla, pigia zile hoteli ulizozipenda uulize kama kuna vyumba vilivyorudishwa. Ukipata kizuri, futa kile cha kwanza kabla ya siku ya mwisho waliyokupa, na waandikie, usiwaambie kwa mdomo tu. Siku hiyo ya mwisho iandike ukutani. Watu wengi hulipa vyumba viwili kwa sababu ya kusahau kimoja.

Mambo ya baridi nayo yaulizwe kabla hujalipa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Agosti jua linaweza kukosekana siku nzima. Ninyi mmezoea feni. Uliza maji ya moto yapo saa zote au asubuhi tu, na kama wanaongeza blanketi bila kutoza. Mama aje na sweta mbili.

Watoto na wanyama: lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi liko Lang'ata Road, na matatu za Rongai, 125 na 126, hupita hapo, kwa hiyo si lazima mlale upande huo. Tiketi hulipiwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, fungua akaunti mkiwa bado nyumbani. Kituo cha Sheldrick cha ndovu yatima hupokea wageni saa moja tu kwa siku, saa tano hadi saa sita mchana, na lazima muwe mmeweka nafasi. Kama siku zenu zimehamia mwisho wa wiki, nafasi hizo ziwekeni mapema kuliko hata chumba.

Jambo la mwisho ni saa ya kufika. Mkipanda basi la usiku mtafika alfajiri, na hoteli nyingi hazitoi chumba kabla ya saa sita au saa nane mchana. Mapokezi watawawekea mizigo bure, lakini mama hawezi kukaa kwenye kiti kwa muda wa saa saba. Wakati wa kuweka nafasi waambie mnafika saa kumi na mbili asubuhi na kuna mzee. Kama usiku uliotangulia hawakujaa, watawafungulia chumba kimoja bila kuongeza pesa. Kama wamejaa, ni afadhali mfunge safari asubuhi, mfike jioni. Na kliniki ikikataa kuhamisha siku, niandikie tena ukiniambia saa za miadi. Kuna hoteli mbili tatu jirani na hapo ambazo ningezipigia mwenyewe.